Maksi za Nyumbani

4 Machi

Binti yangu,

Salamu utazipata mwisho wa barua, kama zitabaki.

Matokeo nimeyaona. Yamebandikwa ofisi ya elimu, kwenye ule ubao wenye kioo kilichopasuka, na nimeyasoma nikiwa nimebanwa kati ya mama mwenye duka la vitabu na mwalimu mkuu wangu, kwa hiyo hata nafasi ya kupepesa macho sikuipata. Arobaini na nane. Kwanza nilidhani ni namba ya kiti chako. Nikaufuata mstari kwa kidole mpaka mwisho, nikarudi mwanzo, nikaufuata tena.

Chuo cha ufamasia kinataka sitini. Wewe hapa nyumbani, kwenye meza hii hii ninayoandikia, umemaliza mitihani ya mazoezi kwa tisini, themanini na tisa na tisini na mbili. Nilisahihisha mwenyewe, na mimi sijawahi kumpa mtu maksi ya huruma, hata marehemu baba yako alilijua hilo. Mwalimu mkuu akanigeukia akasema kwa sauti, "Kumbe mwalimu wa nyumbani alikuwa na mkono mwepesi." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nifanyeje.

Nataka maelezo. Usinipigie simu. Kwenye simu unalia, na kilio hakina maelezo. Andika kwa wino, kwa mpangilio, kama nilivyokufundisha. Niambie maksi arobaini na nne zimekwenda wapi, maana sidhani kama zilidondoka njiani. Ama uliumwa, ama kuna mwanaume, ama ulifanya makusudi kunikomoa. Chagua moja.

Mtihani wa marudio ni mwezi wa sita, na ukifeli tena chuo hakikupokei milele. Hilo unalijua, lakini nimeona nikuandikie ulisome kwa mwandiko wangu.

Msalimie shangazi yako. Mwambie asikulishe sana, kichwa kinazidi kuwa kizito.

Mama yako,
Mwalimu


9 Machi

Mama,

Shikamoo.

Sikuumwa, hakuna mwanaume, na sikufanya makusudi. Samahani, najua ulitaka nichague.

Ukumbi ulikuwa mzuri. Madirisha yalikuwa wazi, meza haikuyumba, penseli zangu zote zilikuwa zimechongwa. Nasema haya ili usije ukaniuliza. Msimamizi alikuwa mzee mmoja aliyekaa mbele kwenye kiti tangu mwanzo hadi mwisho kama amepigiliwa misumari, na kulikuwa kimya kabisa. Nilifungua karatasi nikaona maswali ninayoyajua. Kweli mama, niliyajua yote kwa sura. Lakini nilipofika kwenye majibu, A ilikuwa sawa na B, na B sawa na C. Nilishuka na penseli mpaka D, nikapanda, nikashuka tena. Nilikuwa nasubiri. Sijui nilikuwa nasubiri nini. Nilipoangalia saa, nusu ya muda ilikuwa imekwisha na mimi niko ukurasa wa pili.

Hayo ndiyo maelezo niliyo nayo. Naomba nibaki kwa shangazi mpaka mtihani wa marudio. Hapa kuna nafasi, na yeye amekubali.

Bintiyo


15 Machi

Binti yangu,

Ulikuwa unasubiri. Unasubiri nini, gari?

Mtoto wa jirani yetu, yule aliyekuwa akivaa viatu kinyume mpaka darasa la nne, amepata sabini na moja. Mama yake amekuja kuniazima ungo ambao hana shida nao, ili tu nimuulize. Nilimuuliza. Nikampongeza. Nimempa na ungo.

Mimi nimekaa nawe meza moja mwaka mzima. Kila jioni baada ya shule, miguu imevimba kwa kusimama, nakaa na kitabu cha majibu mapajani nafuma, wewe unafanya mtihani. Nimefuma sweta nne nikikusimamia wewe. Wenzako wamelelewa na redio, wewe umelelewa na mwalimu, na ndiye unayemlipa arobaini na nane. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hubeba mzigo.

Baki huko. Sitaki uje upite mbele ya mwalimu mkuu kwa sasa. Nakutumia karatasi sita za mazoezi ambazo hujawahi kuziona. Zifanye, shangazi yako akae nawe, uniletee maksi za kweli. Majibu yapo nyuma ya kila karatasi, na nitajua ukiyachungulia.

Mama yako,
Mwalimu


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Naomba usikasirike kabla hujafika chini ya ukurasa.

Karatasi ya kwanza niliifanyia chumbani peke yangu. Hamsini. Ya pili vilevile, arobaini na tisa. Ya tatu nikahamia chumba cha mbele kwa shangazi, kwa kuwa ulisema akae nami. Alikuwa anashona sare za shule, oda kubwa, cherehani inakwenda bila kupumua. Nilikuwa nimefika swali la mvuke. Penseli inashuka, A, B. Uzi wa shangazi ukakatika, cherehani ikasimama, na mkono wangu ukajaza B.

Mama, nilikuwa sijalisoma lile swali. Nilikuwa nimesoma maneno mawili ya mwanzo. Cherehani ilisimama na mkono ukajaza wenyewe, na moyoni nikasikia ile raha ya nyumbani, ya kwamba nimepatia. Nikageuza nyuma. Jibu lilikuwa D.

Nimekaa na jambo hili muda kabla sijakuandikia. Nimejaribu kulikataa. Lakini ndivyo ilivyokuwa mezani kwetu. Wewe ulikuwa upande wa pili na majibu mapajani, unafuma, sindano zinagongana. Mimi nikishuka na penseli, nikifika kwenye jibu la kweli, sindano zilikuwa zinasimama. Sidhani ulikuwa unajua. Ulikuwa unangoja tu kuona kama nitapatia, na mtu akingoja mikono husimama. Mimi nikawa najaza pale palipokuwa kimya. Wala mimi sikujua, nakuapia. Nilidhani najua kemia.

Ukumbini kila kitu kilikuwa kimya tangu mwanzo. Hapakuwa na cha kusimama.

Nadhani ni kitu cha zamani. Nilipokuwa mdogo nacheza chini ya meza, nilikuwa najua kwa sindano tu kama leo ni siku ya kupigwa. Zikienda, niko salama. Zikisimama, unanitazama. Nimejifunza kukusikiliza wewe kabla sijajifunza kusoma.

Sikulaumu. Nimefurahi, mama! Nilikuwa nadhani mimi ni mjinga na sikujua ujinga umeingilia wapi. Sasa najua. Zile maksi hazikupotea, hazikuwa zangu. Zangu ni hamsini, na hamsini inaweza kupanda. Shangazi amekubali awe anasimamisha cherehani ovyo, popote anapojisikia, ili mkono wangu uzoee kutomjali. Jana aliisimamisha akaenda kunywa maji, nikajaza viduara vitatu bila kumfikiria. Nilitaka kupiga vigelegele.

Bintiyo


8 Aprili

Kwako,

Kwa hiyo aliyepata tisini na mbili ni mimi. Asante. Nilikuwa sijui kwamba katika umri huu bado nafanya mitihani.

Nimeisoma barua yako nikiwa chumba cha walimu, kwa sababu nilidhani ni barua ya kawaida. Nimeikunja nikaiweka kifuani, nikaenda kufundisha. Unajua pale shuleni wanasema nini? Wanasema nilikuwa nakuonesha majibu. Nimelikana hilo mbele ya walimu wote, nimesimama, mkono nimeunyanyua. Halafu mwanangu wa kunizaa ananiandikia, kwa lugha nzuri, kile kile wanachosema wao kwa lugha mbaya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hivi nikuulize, mtu anaweza kusikia jibu la kemia kwenye sweta? Mwambie mtu yeyote barabarani uone kama hatakuuliza una homa. Ulifeli. Watu hufeli, si wewe wa kwanza. Wanaume wenye ndevu wamefeli. Wanarudi nyumbani wanasema, "Nimefeli." Wewe umekaa kwa fundi cherehani umetunga kisa, na katika kisa hicho mjinga si wewe, mwizi ni mama yako, tena ni mwizi asiyejua kwamba anaiba, ili asiweze hata kujitetea.

Na hilo la kupigwa. Nilikupiga, ndiyo. Nani hakupigwa? Nilipigwa mimi, alipigwa shangazi yako, muulize. Mbona hatukufeli kwa sababu ya sindano?

Njia ya mwongo ni fupi. Yako nitaifuata mpaka mwisho nione inapoishia.

Mwalimu


21 Aprili

Wifi Mwalimu,

Salamu nyingi. Mimi si mtu wa barua, unajua, mkono wangu umezoea mkasi. Lakini huyu mtoto ameisoma barua yako akiwa amesimama mlangoni, amekunja, amekwenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Tangu siku hiyo hajui aandike nini, basi naandika mimi. Ukiona makosa usiniwekee wino mwekundu, mimi si mwanafunzi wako, mimi ni wifi yako, na deni la utani baina yetu bado halijaisha.

Alichokuandikia ni kweli. Nilikuwepo. Uzi umekatika, nimesema neno ambalo sitaliandika, nikamwona anajaza huku macho yake yako kwenye mguu wangu wa cherehani. Nilicheka mimi, yeye hakucheka. Halafu siku nzima akawa ananiuliza, "Shangazi, hebu simama. Shangazi, endelea." Nikamwambia mimi nashona sare, sichezi ngoma.

Wifi, sikiliza habari njema basi. Sasa anafanya peke yake. Nasimama, naenda, naimba, nagombana na wateja, yeye hana habari. Alianza hamsini na tano, akaja sitini na sita, wiki iliyopita sabini na moja, juzi sabini na nne. Hakuna aliyemsaidia, mimi kemia naijua ya sabuni tu. Sabini na nne zake mwenyewe! Nimemnunulia viatu.

Hajasema wewe ni mwizi. Amesema wewe ni mama yake na amekuzoea mno. Mimi ningekuwa wewe ningelia kwa furaha. Mwandikie neno moja zuri, halitakumaliza.

Wifi yako,
Fundi


11 Mei

Mwanangu mpendwa,

Nimetulia sasa. Mtu akiguswa kidonda hupiga kelele, na mimi nilipiga. Tuyaache.

Shangazi yako ameniandikia kuhusu sabini na nne. Nimefurahi. Nimeisoma barua yake mara mbili, ya pili bila kumsahihisha.

Nina habari. Ofisi ya elimu walikuwa wanatafuta wasimamizi wa mtihani wa marudio huko kwenu, nami nimejiandikisha, na nimepangwa kwenye ukumbi wenu. Najua sheria inakataza kumsimamia ndugu. Lakini wewe una jina la baba yako na mimi nina la baba yangu, na hakuna aliyeuliza. Nitafikia nyumba ya wageni ya walimu, sitawasumbua. Sitakusemesha, na wewe usinisalimie. Nitakuwa napita tu kama wasimamizi wanavyopita.

Umesema ukumbini hapakuwa na cha kusimama. Safari hii kitakuwepo. Kama sindano zangu zilikusaidia, viatu vyangu havitashindwa.

Mama yako


17 Mei

Mama,

Shikamoo. Asante kwa maneno yako. Niliyasoma nikakaa chini.

Lakini usije. Nakuomba sana. Nina sabini na nne zangu, chuo kinataka sitini, sihitaji hata moja kutoka kwako. Cherehani ya shangazi nimeishinda kwa sababu ni cherehani. Wewe ni wewe. Nikikusikia nitakusikiliza, sina mahali pa kuziba. Na ikigundulika utafukuzwa kazi, nami nitafutiwa mtihani.

Kama huwezi kuacha, basi kaa mlangoni. Kaa tu mlangoni muda wote, kama yule mzee, usitembee.

Bintiyo


13 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Najua bado uko njiani kurudi, lakini nimeshindwa kungoja.

Umekuja na vile viatu vyeusi vya soli ngumu, vya kuzikia watu. Nilivisikia kabla sijakuona. Nilikasirika, nikuambie ukweli. Nikainama nikasema, sitasikiliza, na maswali ya kwanza niliyafanya peke yangu ukiwa bado safu za mbele. Nilikuwa naenda vizuri. Kisha ukaja kwetu nyuma. Yule msimamizi mwenzako alikuwa amezama kwenye gazeti lake, na wewe ukawa unatembea hatua fupi fupi nyuma ya kiti changu, na penseli yangu ikifika mahali, viatu vinasimama.

Nilipigana nawe, mama. Swali la chumvi nilikuwa nimeshajaza A. Nilikuwa na uhakika, nimelifanya hilo kwa shangazi mpaka nikalichoka. Nikawa napitisha penseli kwenye mengine kuhakikisha tu, ukasimama kwenye C. Nikasema hapana, ni A. Ukawa bado umesimama. Nikajiuliza, huyu amefundisha sayansi tangu sijazaliwa, mimi nina miezi miwili ya cherehani, ni nani kati yetu anayejua? Nikafuta, nikaweka C. Baada ya hapo ikawa rahisi. Kama maswali ishirini hivi nilikuachia wewe.

Nilipotoka nililia nyuma ya ukumbi, na si kwa huzuni. Nilidhani ile barua yangu imekutia chuki ya kudumu. Kumbe uliisoma, ukaielewa, ukahatarisha kazi yako yote kuja kusimama nyuma yangu. Najua tumefanya vibaya na nitajisikia vibaya baadaye. Leo siwezi. Nimeishi miaka yote hii nikiamini unavumilia kuwa nami tu. Sikujua kwamba unanipenda kiasi hicho.

Nikianza chuo, likizo ya kwanza nakuja nyumbani. Nitapika mimi, wewe utakaa.

Bintiyo akupendaye


6 Julai

Wifi,

Hamsini na tatu.

Nilikwenda naye kuangalia. Ameona, tumerudi. Alikuwa ametoka ukumbini na karatasi ya maswali, akakaa nayo kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, akawa anatafuta kila jibu kitabuni na kuweka alama pembeni. Nilikuwa namshonea mtu suruali, nikaacha. Alipomaliza akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shangazi, kila aliposimama palikuwa si penyewe." Nikamwambia umechanganya. Akasema, "Hata moja, shangazi. Mtu akikisia angepatia hata moja."

Sasa nakuuliza wewe. Wifi, umezeeka, macho hayaoni vizuri, ulikuwa umesimama mbali, masomo yamebadilika siku hizi. Sema lolote katika hayo. Sema ulikosea. Nitakubali, nitamwambia, nitamlazimisha akubali. Kukosea hakuna mwenyewe.

Nimefikiria kwenda ofisi ya elimu kusema ulichofanya. Nimefika mpaka getini. Lakini nikisema ulisimama, itabidi niseme alikusikiliza, na yeye ndiye atakayeandikwa mdanganyifu. Umejipanga vizuri.

Hali chakula. Anakunywa chai. Amekuwa akikaa chini ya ile cherehani nyingine mbovu, sakafuni, mtu mzima mwenye miguu mirefu, na nikimwambia atoke anatoka.

Andika upesi.

Fundi


12 Julai

Mwanangu,

Shangazi yako anataka niseme nilikosea. Sikukosea. Sayansi naijua, na macho yangu yanaona. Kila niliposimama, nilisimama kwenye jibu ambalo si lenyewe, na nilikusudia.

Nisome kwa mpangilio, usiruke. Uliniandikia kwamba ulikuwa unajaza palipokuwa na ukimya wangu. Mimi niliamini huo ni uongo wa mtoto aliyefeli. Watu waliposema nakupa majibu, nilijua wanasema kwa wivu. Ulipokuja kusema wewe, sikuwa na pa kwenda. Kulikuwa na njia moja tu ya kupima, nayo ni kusimama mahali pabaya mbele yako. Kama ni uongo, hata nisimame wapi, wewe utajaza unachokijua. Utafaulu, na mimi nitakuwa safi. Nilijua unakijua, kwa maana nilikuwa na zile sabini na nne kwa mwandiko wa shangazi yako. Mungu ananiona, nilikuwa na uhakika utafaulu. Nilishamwambia mwalimu mkuu asubiri matokeo ya mwezi wa saba.

Ulipofuta lile jibu la chumvi nilidhani umejikwaa. Nikasimama pengine, ukafuta tena. Hapo ningeweza kuondoka. Mlango ulikuwa pale, na kiti kilikuwepo, na ulikuwa umeniomba nikikalie. Lakini jaribio ukilikatiza katikati halithibitishi kitu, ungeweza kusema ilitokea kwa bahati, na mimi ningeweza kusema hivyo pia. Ikabidi nilimalize.

Barua yako ya kunishukuru ilinifikia nyumbani siku chache baada ya kurudi. Nimeisoma.

Chuo hakipokei mtu mara ya tatu, najua, mimi ndiye niliyekuandikia. Mwalimu mkuu nimemfuata ofisini kwake nikamwambia mtoto wangu si mwongo. Ameniambia hakuna aliyewahi kusema mtoto ni mwongo. Nikatoka.

Ulisema kweli, mwanangu. Sasa nakuamini. Rudi nyumbani.

Mama yako,
Mwalimu